Nimemzika Baba, na Baba Hajambo

Kwa mujibu wa faili langu pale kazini, baba yangu amefariki. Fomu ipo, sahihi yangu ipo, muhuri upo. Jumapili iliyopita marehemu alinipigia simu kuniuliza kama nimeshapata mchumba. Nilipoanza kujiumauma akaniambia yeye hana muda wa kusubiri milele. Kweli kabisa, nikajisemea moyoni, maana kiofisi ameshachelewa.

Msinihukumu kabla hamjanisikiliza.

Ilikuwa mwezi Juni, saa 10 na nusu alfajiri, simu ya shangazi. Sijui nyie wenzangu, lakini mimi simu ya saa hiyo haijawahi kuniletea habari ya kushinda bahati nasibu. Nikaiangalia ikiita, nikatamani iwe ni mtu amekosea namba. Baba mdogo amefariki. Alilala analalamika kichwa, hakuamka. Kijijini kwetu, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka godoro nililokuwa nimelalia.

Kufika saa 12 kundi la WhatsApp lilishaundwa. Kufika saa 1 lilikuwa na mwenyekiti, mhazini, picha tatu za mishumaa, na binamu mmoja alishajitoa. Ukoo wetu una mambo yake, lakini kwa kuunda kamati hatujambo.

Saa 3 nikawa mbele ya afisa utumishi. Ni mama mmoja mwema, sina neno naye, akanipa pole ya kutoka moyoni na akanisogezea boksi la tishu kabla hata sijakaa. Kisha akanisogezea fomu. Jina la mfanyakazi, nikaandika. Idara, nikaandika. Uhusiano na marehemu: nikaandika baba mdogo.

Akaisoma. Akaniangalia. Akashusha miwani. "Mdogo wangu, huyu hayumo."

Hayumo wapi? Kwenye orodha. Ndiyo, jamani, kuna orodha. Mimi ni ripota, nimeandika habari za wafanyakazi na haki zao nisijue ngapi, na sikuwahi kuisoma orodha ile mpaka siku iliponihusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inasema mfanyakazi atapewa siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Basi. Ukoo umeishia hapo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mama mdogo aliyekunyonyesha mama yako akiwa mahututi, hayumo. Baba mdogo, ndiyo kama mlivyosikia.

Na kuna kipengele kingine ambacho watu wengi hawakijui mpaka kiwang'ate: hizo siku 4 ni jumla kwa mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, hata kama kifo kitapiga hodi mara tatu. Akifa bibi Machi ukachukua siku 4, na kaka akafuata Septemba, kaka huyo umzike kwa siku zako mwenyewe. Za ziada ni kwa hisani ya mwajiri, tena bila malipo. Yaani kuna mtu aliketi akafikiri, akaamua kwamba Mtanzania wa kawaida anafiwa mara moja kwa miaka mitatu, na anafiwa na mtu aliyeko mtaa wa pili.

Nikatoka pale nimeshika fomu kama mtu aliyepewa matokeo ya mtihani aliofeli. Kwenye korido nikakutana na mzee mmoja wa deski la michezo, mtu aliyeona wahariri wanne wakija na kuondoka. Akaisoma fomu, akacheka kicheko cha pumzi. "Futa hilo neno mdogo. Andika baba. Umedanganya nini?"

Nikasimama pale nikitafuta nimedanganya nini. Sikupata. Nikafuta.

Nisikilizeni kwenye hili, maana ndipo ugomvi wangu ulipo. Mimi sikulelewa na baba yangu mzazi. Yeye alikuwa mwalimu, na walimu wa enzi zile walihamishwa kama mipira ya kona: leo Tunduru, kesho Namtumbo, keshokutwa hujui. Nilipofika darasa la tatu akasema mtoto huyu atachanganyikiwa, akanipeleka kwa mdogo wake. Huyo mdogo wake ndiye aliyenifundisha baiskeli kwa kuniachia kwenye mteremko wa Umatengo (wenye kuijua milima ile wanajua nazungumzia jaribio la kuua). Ndiye aliyelipa ada kwa kahawa. Nilipopata malaria kali kidato cha pili ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, na kila Krismasi alinikumbusha jinsi nilivyomtapikia shati jipya. Kwa Kiswahili, na kwa kila lugha ya nyumbani ninayoijua, mtu huyu ni baba. Amewekewa neno "mdogo" kuonyesha tu kwamba alizaliwa nyuma ya mwingine. Mwenye kugawa ubaba huo kwa kipimo ni Kiingereza, ambacho kina neno moja tu la kuwafunika baba mdogo, baba mkubwa, mjomba na hata mume wa shangazi, wote ndani ya gunia moja, halafu linafungwa na kuwekwa stoo.

Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Nilifurahi, niliandika hata habari yake, nikapewa nafasi ukurasa wa 5. Lakini wakubwa, mkitafsiri maneno mkaacha ukoo kwa Kiingereza, mmetafsiri nini? Andikeni "mzazi" halafu nendeni kijiji chochote muulize wazazi wa mtoto fulani ni akina nani, mhesabu watakaosimama.

Na msiniambie nchi hii haijui kwamba kulia kunataka muda. Inajua sana. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, taifa liliomboleza siku 30. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, naambiwa nililia pamoja na taifa ingawa sababu zangu zilikuwa tofauti. Mzee Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024, tulitangaziwa siku 7 na bendera zikashuka nusu mlingoti. Sina kinyongo hata chembe, walistahili. Ila oneni: Baba wa Taifa, ambaye wengi waliomlilia hawakuwahi kumshika mkono, siku 30. Baba aliyenibeba mgongoni, sifuri, mpaka niibe.

Sheria hiyo hiyo wala si katili kila mahali. Inanipa siku 28 za likizo ya mwaka. Nikiugua inanivumilia mpaka siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwa hiyo tumbo langu likiharibika, serikali iko nami. Nikifiwa, serikali inaangalia saa.

Haya, tuzipige hesabu hizo siku 4 nilizozipata kwa wizi.

Jumatatu alfajiri niko stendi ya Magufuli, Mbezi. Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako tunakata kushoto kwenda Njombe, Songea usiku mwingi, magoti hayana tena habari na mwili. Nimelala gesti. Jumanne asubuhi gari la Mbinga, kisha pikipiki, kijijini saa 6 mchana. Tumezika saa 9 alasiri. Jumatano asubuhi kikao cha ukoo, mchana narudi Songea, Alhamisi basi tena, Ijumaa saa 2 niko ofisini nanuka vumbi la Songea. Siku 4 zimekwisha salama. Katika hizo, saa nilizokaa msibani hazifiki 24, na nyingine nililala.

Nyingine nilifanya kazi za kamati. Hapa niseme lisilopendeza kuhusu sisi wanaume. Msibani mwanaume hana ruhusa ya kulia, ana ruhusa ya kuhesabu viti. Nilifika, nikakumbatiwa na shangazi dakika moja, nikakabidhiwa daftari la michango. Nimeona wajomba zangu wakibishana juu ya sufuria kwa hasira ambayo haikuwa ya sufuria hata kidogo. Kuna mmoja alizunguka na turubai mkononi tangu asubuhi mpaka jioni, hakulifunga popote, akilihamisha tu. Kila akiulizwa anasema anatafuta kivuli kizuri. Yule ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu.

Ukawadia wakati wa wasifu. Msomaji akasema marehemu alikuwa mpole, mtu wa watu, asiyekasirika. Nikasikia shangazi akiguna nyuma yangu. Baba mdogo alikuwa na hasira za karibu kuliko kiberiti, aliwahi kumfukuza bwana shamba kwa jembe kwa sababu alimwambia mashimo yake ya ngolo yamepinda. Jioni yake akampelekea kuku kuomba radhi. Huyo ndiye niliyekuja kumzika, huyo mpole aliyesomwa simjui.

Ilikuwa msimu wa kahawa, buni nyekundu mitini, na kahawa haina likizo ya msiba wala haiombi. Watu walitoka shambani wakaja kuzika na vidole vyao vinanata. Usiku ule, baada ya kula, nilisikia mashine ya kumenya kahawa ikizungushwa nyuma ya nyumba. Nikaenda. Alikuwa mke wa marehemu na binti yake, wanazungusha kwa zamu, hawasemi kitu. Mama mdogo akanipisha kwenye mkono wa mashine, nikazungusha. Tulifanya vile kama saa moja hivi. Nadhani ile saa moja ndiyo msiba wangu wote nilioupata.

Baba yangu, yule marehemu wa faili, ana miaka 74. Kaburini alisimama mbele kabisa na fimbo yake. Watu walipomaliza kutupa udongo akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayelalamikia huduma ya benki, "Huyu ameruka foleni." Vijana wakacheka, ikabidi wacheke, na yeye akacheka. Kisha akatafuta mtu wa kumshika, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nilishtuka mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Wakati ule mkono ulikuwa unafuta ubao mzima kwa mapigo manne! Nikaanza kumtazama kwa wizi: kola imemzidi shingo, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Baadaye aliniita kwa jina la mdogo wake. Akajirekebisha haraka, na mimi nikajifanya nilikuwa sisikii.

Nilikuwa na maswali kama mia ya kumuuliza usiku ule. Ningekuwa na siku mbili zaidi ningeyauliza, kwa namna yanavyoulizwa kwetu, yaani kwa kukaa naye kibarazani kimya mpaka aanze mwenyewe. Lakini basi la Alhamisi lilikuwa na tiketi yangu.

Kabla ya kuondoka niliingia chumbani kwa baba mdogo kuchukua sweta, maana Juni kule baridi inaingia mpaka kwenye mawazo. Dirisha lake moja halina kioo. Amelibandika magazeti, tabaka juu ya tabaka, na gundi ya unga wa muhogo. Nikasogea. Zote ni kurasa zenye jina langu. Nikiandika gazetini alikuwa ananipigia kulalamika kwamba habari ni fupi: "Mbona leo umeandika kidogo, wanakulipa kwa neno?" Nilidhani anazisoma kwa majirani. Kumbe alikuwa anazingojea ziwe ndefu kwa sababu ya upepo.

Ijumaa ile saa 2 na nusu nikapangiwa kwenda kwenye uzinduzi wa sabuni. Hotelini, kiyoyozi, vitafunwa. Niliandika maneno 400 kuhusu sabuni, mhariri akasema imetulia. Wenzangu walinipa pole zao mlangoni, ya mwisho ikaunganishwa na swali la lini namaliza ile habari ya maji. Siwalaumu, hata mimi nimewahi kufanya hivyo kwa wengine, na sasa naona haya.

Nililia siku ya 19. Ndani ya daladala ya Mbagala, nimesimama, kwa sababu konda alimwambia abiria mmoja, "Baba, sogea kidogo." Baba. Kidogo. Basi, yakatoka yote. Mama mmoja alinipa leso yake na mfuko wa karanga. Sikumjua, na hakuniuliza uhusiano wangu na marehemu.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia kantini. La kwanza, rafiki yangu Mwislamu aliniambia mbona kwao msiba ni siku tatu na maisha yanaendelea. Sawa. Lakini nilimuuliza, hizo siku tatu unakaa wapi? Unakaa na watu, unaletewa chakula, unasomewa dua. Hazihesabiwi ukiwa kwenye basi pale Mikumi unaangalia twiga. Na mjane kwao ana eda ya miezi minne na siku kumi, maana dini inajua kuna vifo na vifo. Nikamuuliza kama kuna mwajiri amewahi kumruhusu mkewe wa kazini kumaliza eda kwa amani, akaagiza chai nyingine.

La pili ni la mabosi: nyie Waafrika mna akina baba wengi mno, tukiwaruhusu wote ofisi itabaki na mlinzi. Nakubali kuna ukweli. Kila ofisi ina mtu aliyezika bibi mara tano, na wa kwetu namfahamu, bibi yake wa mwisho alikufa siku ya fainali. Lakini huyo mwongo amezaliwa na nani? Amezaliwa na orodha. Mkiweka orodha isiyofanana na maisha ya watu, watu watayapinda maisha yao yaingie kwenye orodha, kama nilivyofanya mimi, mtu ninayelipwa kwa kuandika ukweli.

Dawa wala si ngumu. Siku unayoajiriwa unajaza fomu za warithi na wategemezi mpaka mkono unauma. Ongezeni mstari mmoja: watu walionilea. Wawili, watatu, kwa majina, ijulikane mapema, asizuke mwingine siku ya fainali. Siku za safari zisihesabiwe ndani ya siku za msiba, kwa sababu aliyefiwa Kariakoo na aliyefiwa Mbinga hawajapewa kitu kimoja. Na hicho kipengele cha jumla kwa mzunguko kifutwe, kifo hakina mzunguko wa likizo. Kwa wenzetu wanaolipwa kwa stori, na hao ni wengi kwenye magazeti yetu kuliko sisi wenye mikataba, hata kifungu cha 34 ni anasa: asiyeandika halipwi, amefiwa hajafiwa. Mmoja wao alituma habari kutoka makaburini kwa simu, nikaisahihisha mimi, ilikuwa safi kabisa. Hilo linanitisha kuliko yote.

Nilikuwa nimeamua nisimwambie baba kuhusu fomu. Jumapili ile, baada ya mambo ya mchumba, nikashindwa, nikamweleza yote. Kimya kirefu. Nikasikia kuku wa kule wakiparua. Nikadhani nimemuudhi.

"Kwa hiyo mimi huko Dar ni marehemu?"

"Kwenye faili tu, baba. Nisamehe."

"Na rambirambi walitoa?"

"Walitoa. Laki mbili. Niliikabidhi kwa mama mdogo."

"Hapo umefanya vizuri." Akakohoa kidogo, ile kohozi yake mpya ambayo kila nikiiulizia anasema ni vumbi. "Walikupa siku ngapi kwa ajili yangu?"

"Nne."

"Na nikifa kweli?"

Nikamweleza. Kwamba zimeshatumika mpaka mzunguko uishe Juni ijayo, na hata Juni ikifika, kwenye faili yeye ameshazikwa. Nilitegemea acheke. Alinyamaza tena, nadhani alikuwa anahesabu kwa vidole, mwalimu ni mwalimu tu.

"Basi nitajitahidi nifike Juni," akasema. "Wewe nenda karekebishe hilo faili."

Nimekwenda mara mbili. Yule mama mwema hayupo, yuko likizo ya mwaka, siku 28.